Wankuru na Mume Ambaye Hakuzaliwa

Siku aliyoolewa, Wankuru hakuvuka mpaka, alivuka mtaro. Kati ya kwao, upande wa Tanzania, na boma la Mellen, upande wa Kenya, palikuwa na mtaro huo, shamba la mihogo, na jiwe lililopakwa chokaa ambalo mbuzi walipenda kujikunia. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamepita hapo hapo wiki chache kabla, wakielekea kwao, na hakuna aliyewauliza kama wana pasi.

Aliyemtolea ng'ombe hao ni Mellen mwenyewe. Mellen alikuwa mjane mwenye mabinti watatu, wote wameolewa mbali, na mtoto wa kiume hakujaliwa. Kwa Wakuria nyumba ya namna hiyo haiachwi ife. Mama huchukua ng'ombe walioletwa kwa ajili ya mabinti zake, akatafuta msichana, akamwolea yule mwana ambaye hakumpata. Msichana huwa mkamwana wa nyumba. Huzaa na mwanamume anayempendeza mwenyewe, kwa heshima na bila makelele, na watoto huitwa wa nyumba ile. Mellen alikuwa ameshaamua zamani kwamba mwanawe, kama angezaliwa, angeitwa Wangwe. Basi Wankuru akawa mke wa Wangwe, watoto wake wawili wakawa watoto wa Wangwe, na Wangwe mwenyewe hakuwahi kumsumbua mtu.

"Hanywi, hapigi, hachelewi kurudi," Wankuru alipenda kuwaambia wanawake wenzake sokoni Isebania.

Walicheka sana. Halafu kila mmoja akamfikiria wa kwake.

Miaka ikapita vizuri. Mellen alikuwa na ulimi mkali na moyo laini. Asubuhi alimgombeza mkamwana wake kwa kukoroga uji mwepesi, jioni akamwekea maziwa ya mwisho ya ng'ombe, yale mazito. Wankuru alilima, alikamua, na siku za soko alipanda gari hadi Migori kuuza ndizi. Kama kulikuwa na ugeni ndani yake, alikuwa amekwisha kuusahau.

Kilichomkumbusha ni adabu yake mwenyewe. Mwaka wa tisini na sita, vitambulisho vipya vilipokuwa vikitolewa na kila mtu akiulizwa chake, askari wawili walipita mbele ya ndizi zake sokoni Migori. Wankuru, kama alivyolelewa, akainamisha kichwa.

"Shikamooni."

Askari mmoja alisimama papo hapo. "Umesema nini?"

"Nimewaamkia, kaka zangu."

"Huku hakuna mtu hutuamkia hivyo. Huku tunatukanwa." Akamgeukia mwenzake, amefurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Huyu ni wa ng'ambo. Mama, kitambulisho?"

Walimpandisha kwenye Land Rover pamoja na fundi viatu na mabinti wawili wa hoteli, wakawateremsha mpakani, upande wa pili wa kizuizi, wakawatakia safari njema. Wankuru alisubiri gari ligeuke. Akazunguka kwa nyuma, akapita kwenye mihogo, akaruka mtaro, akawahi kukamua. Mellen alicheka mpaka akashika mbavu. Mara ya pili hali ilikuwa ile ile, ila alipitia kwa mama yake kunywa chai kwanza.

Mara ya tatu hawakuja askari. Alikuja naibu chifu, kwa miguu, kofia mkononi.

"Mama Mellen, mimi ni mtoto wako," alisema. "Lakini amri imetoka juu. Sasa hawarudishwi tu. Wanapelekwa kortini, wanafungwa, halafu ndio wanarudishwa, na akirudi tena anafungwa tena. Mwezi huu ukiisha kabla mkamwana wako hajapata karatasi, mimi ndiye nitatumwa kumtoa."

"Wewe? Uliyekula harusini kwake?"

"Ndiyo sababu nimekuja kukuambia, mama."

Alikuwa mtu mwema. Kabla ya kuondoka aliketi akaandika barua ya kuwasaidia katika ofisi ya wageni, Homa Bay. Aliandika kama alivyozoea kusema, kama sisi sote tunavyosema mambo ya jirani tuliyemzoea: kwamba Wankuru ni mke halali wa Wangwe, mkazi wa kata hii, na ana watoto wake wawili. Akapiga muhuri. Haikumjia hata kidogo kwamba ng'ambo ya vilima kuna watu watakaotaka kumwona Wangwe.

Homa Bay kulikuwa na jua la kupasua mawe. Mellen alivaa koti la marehemu mumewe juu ya gauni la kanisani. Alipoliona ziwa, alisimama akalitazama kwa mashaka.

"Maji yote haya," alisema, "na sioni hata ng'ombe mmoja anayekunywa."

Ofisini walimkuta bwana mmoja mnene mwenye sauti ya upole, Omwenga, na karibu naye msichana anayepiga taipu. Omwenga aliisoma barua, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hii ni kazi rahisi. Sheria inamjua bibi ya Mkenya. Huyu Wangwe ni Mkenya?"

"Mkenya kabisa," alisema Mellen.

"Vizuri. Kitambulisho chake?"

"Hana."

"Amepoteza?"

"Hajawahi kuchukua."

"Hii ndiyo shida ya wanaume wa mpakani." Omwenga akachukua kalamu. "Yeye mwenyewe yuko wapi? Mbona hakuja?"

Mellen na Wankuru walitazamana.

"Hawezi kuja," alisema Wankuru taratibu.

"Ni mgonjwa?"

"Hapana."

"Amefariki? Pole, mama. Basi leta cheti cha kifo."

"Afe kwa nini?" Mellen alishtuka. "Usimtabirie mwanangu kifo! Hajafa. Hakuzaliwa."

Taipu ilinyamaza. Wankuru alitazama sakafu, akajihisi kama mtu aliyeingia kanisani na jembe. Kwa miaka yote ile hakuwahi kuyasikia maneno hayo yakisemwa mbele ya mtu asiyeyajua, na sasa aliyasikia kama wanavyoyasikia wengine.

Msichana wa taipu aliziba mdomo kwa karatasi, mabega yakimtetemeka. Lakini Omwenga hakucheka. Aliweka kalamu chini, akavua miwani.

"Ni ndoa ya nyumba," alisema.

"Ni ya nyumba," alikubali Mellen.

"Mimi ni Mkisii, mama. Nyanya yangu alioa hivyo hivyo. Huyo bibi yake ndiye alinibeba mgongoni. Hiyo mambo niliijua kabla nijue kusoma."

"Basi andika."

"Mimi naijua. Hii fomu haijui."

"Andika mimi. Ng'ombe walitoka kwangu. Kitambulisho ninacho, hiki hapa, hata picha imetoka vizuri."

Omwenga alikishika kile kitambulisho kwa mikono miwili, kwa heshima, akakirudisha. "Nikiandika mume ni wewe, Nairobi watasema nimelewa. Nitafutwa kazi, na huyu bado atafungwa." Akatazama mlango, akashusha sauti. "Kwa boma hakuna mwanaume? Hata shemeji? Aje hapa na kitambulisho, aseme ni bibi yake. Mimi naandika kile mtu ananiambia. Ni karatasi tu."

Mwanaume alikuwepo. Alikuwa Mwikwabe, ndugu mdogo wa marehemu mume wa Mellen, mwenye wake wawili na madeni ya pombe katika kila kona ya Isebania. Mellen alimchinjia kuku, akamweleza. Mwikwabe alisikiliza huku akipapasa ndevu, akakubali upesi mno.

"Kwa ajili ya nyumba ya kaka yangu," alisema, "nitajitolea."

Chakula kilipoletwa, mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye bakuli, ukazungukazunguka, ukasimama.

"Firigisi iko wapi?"

Firigisi ya kuku ni ya mwenye boma. Tangu mumewe afe, katika nyumba ile imeliwa na Mellen, na wakati huo ilikuwa mdomoni mwake. Alitafuna polepole, akameza.

"Umechelewa," alisema.

"Si neno, shemeji. Si neno. Kuku wapo wengi." Mwikwabe alicheka, akaegemea ukuta kama mtu anayeupima. "Lakini ni kweli, eh? Karatasi ikisema bibi ni wangu, watoto watakuwa wa nani? Na wale mitamba wetu wawili, nadhani wakati umefika wa kuwahamishia kwangu, kuna nyasi."

"Mitamba wetu?" aliuliza Wankuru.

"Natania, mke wangu. Mbona uso umekuwa hivyo?"

Aliendelea kutania mpaka kuku akaisha.

Asubuhi yake Wankuru alikuwa jikoni akichochea moto, kuni mbichi zikimtoa machozi, Mellen alipoingia na kuketi kwenye kigoda kando yake. Kwa muda mrefu mama yule hakukosoa kitu chochote, na hilo ndilo lililomtisha Wankuru.

"Kubali," Mellen alisema mwisho. "Nimefikiri. Mwikwabe ni mlafi lakini si mkatili. Ng'ombe watakwenda kwa wengine, ni kawaida ya ng'ombe. Heri uwe wake na nikuone kila siku, kuliko uwe wa nyumba yangu na nikuone gerezani."

"Na nyumba?"

"Nyumba ni kuta."

Lakini aliposema hivyo aligeuza uso, na Wankuru akajua kwamba moshi ulikuwa kisingizio tu cha machozi. Mama huyu aliwaoza mabinti watatu, akaishi bila kula nyama ya ng'ombe wake hata mmoja, ili pawe na watu wa kuitwa wa Wangwe. Sasa alikuwa tayari kumfuta mwanawe kwa ajili ya mkamwana. Wankuru alimimina uji. Ulikuwa mwepesi. Mellen aliunywa wote.

Walirudi Homa Bay watatu, Mwikwabe akiwa na tai ya kuazima iliyomfika kitovuni. Omwenga alifungua fomu mpya, akakohoa.

"Mama, lazima nikuulize wewe mwenyewe. Huyu hapa ni mume wako?"

Lilihitajika neno moja tu. Mwikwabe alijinyoosha. Mellen alifumba macho kama anayeomba. Wankuru alimtazama yule mwanamume na tai yake, akawaona watoto wake wakipelekwa pamoja na mitamba kwenye nyasi nzuri. Wangwe, katika ukimya wake wote, hakuwahi kudai kitu. Huyu alikuwa na mdomo, na kesho angekuwa na karatasi ya kuutilia nguvu.

"Hapana," alisema Wankuru. "Huyu ni shemeji wa mama. Amenisindikiza tu, Mungu ambariki."

"Wankuru!" Mellen alifumbua macho.

"Nimesindikiza?" Mwikwabe alipaza sauti. "Na hii tai?"

"Imekupendeza, baba."

Msichana wa taipu safari hii alishindwa kabisa. Alitoka nje kucheka. Omwenga naye alijikuna shingo, lakini ilionekana kama mzigo umemtoka.

"Unajua umefanya nini, mama? Sasa wewe ni mgeni tu."

"Mgeni anaruhusiwa kukaa?"

"Mgeni anaruhusiwa kutembea. Anachukua pasi kwao, anagongewa muhuri akiingia, anakaa miezi yake mitatu. Siku zikiisha anatoka, anagongewa, halafu akitaka anarudi. Kuuza soko hapana. Kura hapana. Shamba kwa jina lako hapana. Na ukichelewa, hata kidogo, ni korti."

"Akitoka lazima alale huko?"

Omwenga alifikiri. "Hakuna mahali imeandikwa alale."

Njiani walimnunulia Mwikwabe mbuta wa kukaanga ili anyamaze. Alikula na kichwa, akasema samaki si mbaya, ila tu hana firigisi. Mellen alitembea kando ya mkamwana wake mpaka kituoni. Hapo alimkamata mkono, akaubana kwa nguvu, akasema, "Mjinga mkubwa wewe," na hakuuachia.

Naibu chifu aliiona pasi ya Wankuru, imegongwa muhuri, kabla ya mwisho wa mwezi, akaisoma mara mbili, akavaa kofia yake akaenda zake akipiga mluzi. Ndizi zikaanza kuuzwa na Mellen, ambaye aliwatukana wateja na kwa sababu hiyo akauza zaidi. Na Wankuru akaanza maisha ya kumtembelea mama mkwe wake. Kila siku zake zilipokaribia kwisha, alivaa vizuri, akapita barabarani kama watu, si kwa mtaro, akagongewa, akaenda kwa mama yake kunywa chai.

"Miaka yote hii nilikulaumu hunitembelei," mama yake alimwambia safari ya kwanza, akimjazia kikombe. "Kumbe ilibidi serikali ikufukuze. Naishukuru."

Wankuru alicheka naye. Kuna vitu hakumwambia: kwamba wiki ya mwisho ya pasi huwa hapandi mbegu yoyote, maana mkono unakataa, kwamba Mellen huamka mapema siku hiyo na kufagia ua ambao umekwisha kufagiwa, kwamba mtu anaweza kuwa na nyumba, na watoto, na mama wa kumgombeza kwa uji, na bado aingie humo kwa hisani ya dirisha dogo la mpakani.

Alirudi siku ile ile, kabla jua halijapoa. Dirishani alikuwa kijana mgeni kazini, kalamu nyuma ya sikio.

"Unaenda kwa nani?"

"Kwa Mellen."

"Kutembea ama biashara?"

"Kutembea."

"Utakaa siku ngapi?"

Wankuru aliegemea dirisha. Aliwaza juu ya ng'ombe waliokuwa wakimngoja kukamuliwa.

"Una ngapi, mwanangu? Niandikie zote."