Dirisha Kipofu la Sekenke

"Mama Dina, umesikia? Yule mzee Kefa amekalia dhahabu!" Selina alitua ndoo yake kisimani, macho yamemtoka. "Nyumba ya mzungu ina madirisha sita mbele. Ingia ndani uhesabu: matano! La sita limekwenda wapi? Kuna chumba kimezibwa pale. Kesho mkutano ukiisha, wanaume wanabomoa ukuta."

Yunisi alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, ingawa mtoto hakuwa ameteleza. "Nani alihesabu?"

"Sijui. Ila huyo ana akili."

Huyo alikuwa Yunisi mwenyewe. Wiki mbili nyuma, ilipofika zamu yake ya kufagia ile nyumba, alihesabu kwa mazoea tu ya mtu aliyemaliza darasa la saba, jioni akamsimulia mumewe kama kichekesho. Andrea hakucheka. Sasa sururu yake ilisimama mlangoni, imetiwa mpini mpya.

Yunisi aliiacha ndoo yake kisimani, akashika njia ya kilimani. Alitembea kama mtu aliyesahau chungu motoni. Nyumba ile ndiyo ingekuwa zahanati ya kijiji chao kipya cha ujamaa. Mganga walikuwa wameahidiwa baada ya mavuno. Masika yaliyopita Dina alishikwa na homa, Yunisi akambeba kwa miguu kwenda hospitali tangu alfajiri hadi jua la utosi. Njia nzima alikuwa akisimama kusikiliza kama bado anapumua.

Nyumba ilimtazama kutoka juu: mawe ya kuchongwa, mlango katikati, juu ya mlango kioo cha nusu duara kama ungo uliokatwa. Madirisha marefu matatu huku, matatu kule. Kefa alikuwa ameketi kwenye ngazi za mlangoni, akifunga mafundo kwenye kamba ya katani. Macho yake yalishaingia ukungu, lakini vidole havikukosea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona unahema hivyo, umekimbizwa na fahali? Au na wewe umekuja kuwahi mgao wa dhahabu?"

Yunisi alikaa. Akasimama. Akakaa tena. "Babu, hilo dirisha ni la nini?"

Kefa alicheka kidogo. Alikuja hapa kutoka Misigiri hajaota ndevu, akawekwa kubeba maji ya kuchanganyia chokaa. Fundi wa Kihindi alimwona ana jicho la kupima, akamfundisha uashi, mwiko na timazi. Mkuu wa mgodi wa dhahabu wa hapo, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Mizani, alikuwa na karatasi yenye picha ya nyumba ya mababu zake huko Uingereza, ya miaka zaidi ya mia, na kila asubuhi aliikunjua kuilinganisha na ukuta.

"Alikuwa anaugua kwa kukumbuka kwao, yule. Kila kitu lazima kilingane, kulia na kushoto. Lakini upande huu wa kushoto alitaka vyumba viwili, na ukuta wa kuvigawa ukaangukia nyuma ya dirisha la katikati. Nikamwambia, Bwana, dirisha hili litatazama mawe. Akasema, basi lijenge kipofu. Nikaweka fremu, nikaweka vioo, nyuma nikapaka rangi nyeusi. Marehemu Damari alinicheka mpaka akakaa chini. Mume wangu, ati, unalipwa kujenga uongo!"

Mgodi ulipofungwa, Bwana Mizani alimwachia ufunguo, akaondoka. Kefa na mkewe wakabaki kwenye chumba cha jiko, nyuma. Damari alifia hapo. Kila mwaka Kefa alipanda juu kuziba palipovuja, ingawa hakuna aliyemtuma.

"Sasa waambie wasibomoe!" Yunisi alisema.

"Nimewaambia. Wanasema mwenye mali lazima akatae." Alinyoosha kidole. "Ukuta huo ndio umebeba boriti kubwa. Wakiutoboa, paa linawashukia vichwani, na zahanati yenu imekwisha."

Dina alianza kulia. Yunisi alimfungua, akamnyonyesha akiwa wima, akiyumba huku na huku. "Babu, ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyehesabu. Andrea, mume wangu, ndiye aliyesambaza habari."

Mzee alimnyooshea ncha ya kamba. "Shika. Fundo moja, futi moja."

Walipima nje upande wa kushoto, Yunisi akihesabu kwa sauti, mtoto kifuani: arobaini. Wakapima ndani. Chumba cha kwanza kumi na saba. Cha pili kumi na saba.

"Kuta za mwanzo na mwisho zina futi mbilimbili, pima mlangoni uone. Zimebaki ngapi?"

"Mbili," alisema Yunisi. Aliutazama ukuta wa katikati. Futi mbili za mawe matupu. Hata kuku asingepata pa kutagia.

Chini bondeni mtu alikuwa akinoa chuma, kri, kri, na sauti ilipanda mpaka humo ndani. Yunisi alitaka kukimbia, ila hakujua aelekee wapi.

Kefa aliikunja kamba polepole, akamwekea mkononi.

"Mimi nikisema, watasema nalinda dhahabu. Wewe hawatakusema hivyo. Kesho, kabla sururu haijainuka, simama mbele yao useme ni wewe uliyehesabu, na kwamba hukumaliza kuhesabu. Halafu, mjukuu wangu, ncha hii nyingine mshikishe mumeo."