Ningependa si Jibu

Vitabu viwili vinene nilivikuta juu ya kabati la nyumba tuliyopanga mtaa wa Sanyuanli, Guangzhou, ghorofa ya sita, jengo lisilo na lifti. Mpangaji aliyetutangulia aliviacha pamoja na pasi iliyoungua na mwavuli usiofunguka. Mwenzangu wa nyumba, muuza viatu kutoka Moshi, alikichukua kimoja, cha riwaya, akakipima mkononi, akasema, "Hiki kinafaa mlangoni." Tangu siku hiyo riwaya ikawa inazuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo. Mimi nikaanza na kile cha insha, kwa sababu riwaya ilikuwa kazini.

Mwandishi alikuwa Mwaustria wa karne iliyopita, na vitabu vilikuwa tafsiri ya Kiingereza. Niliacha shule kidato cha pili; ninachokijua zaidi ya hapo nimejisomea. Kwa hiyo nilisoma namna ninavyokagua mizigo: polepole, kitu kimoja kimoja, penseli mkononi. Kazi yangu hapa Guangzhou ndiyo hiyo. Wafanyabiashara wa Dar na Zanzibar wananunua, mimi nafungua maboksi kabla kontena halijapakiwa, naangalia kama kilichomo ndicho walichokubaliana. Taa iwake. Zipu ifunge. Kiatu cha kushoto kiwe na mwenzake wa kulia.

Insha zilinishinda mwanzoni, halafu zikanikamata. Mwandishi yule kila kilichotokea alikitazama kama kimoja tu kati ya vingi ambavyo vingeweza kutokea, wala hakukipa heshima zaidi eti kwa kuwa ndicho kilichotokea. Nilipoitoa riwaya mlangoni, nikaweka tofali mahali pake, nilikuta humo watu wa namna hiyo hiyo. Wana akili, wanazungumza vizuri, wamekaa kwenye vyumba vizuri, na hakuna anayetoka. Kila mmoja anaziona njia nyingi mno. Riwaya yenyewe haina mwisho. Mwandishi alikuwa bado anairudia alipofariki.

Pembeni mwa kurasa nilikuwa naandika maana kwa Kiswahili. Nilishangaa kuona kwamba mahali ambapo Kiingereza kilitumia sentensi nzima kueleza jambo ambalo halipo lakini lingeweza kuwepo, mimi niliandika silabi moja: *nge*. Kurasa zikajaa nge. Mwalimu wangu wa shule ya msingi alitufundisha kwamba -nge- ni mlango ulio wazi bado, na -ngali- ni mlango uliofungwa. Bibi yangu hakusema -ngali-, alisema -ngeli-, na mimi nimeshika ya bibi. Ndani yake naiona ile li ya mambo yaliyopita, imejibanza nyuma ya nge. Ningekuja: bado naweza. Ningelikuja: basi tena. Tofauti ni silabi moja.

Niliona nimegundua jambo, nikawa naitumia nge kwa uangalifu, hata kwenye simu. Sikujua kwamba huko nyumbani wanaisikia tofauti.

Mwaka huu, kabla ya joto kuanza, nilipeleka pasipoti yangu ofisi ya uhamiaji kuongeza muda wa kibali cha kuishi. Ofisi hubaki na pasipoti hadi kibali kitoke. Unaweza kutembea mjini upendavyo, kula, kulala, kwenda soko la Liuhua kukagua nguo, lakini kutoka nje ya nchi huwezi. Nilikuwa nimezoea. Safari hii walisema kuna jambo la kuthibitisha, nisubiri. Nikasubiri. Nikaenda kuuliza, wakaniambia nisubiri.

Katika kusubiri huko binti yangu alipiga simu kutoka Temeke.

"Baba, wale watu wamekuja."

Nilijua ni watu gani. Kijana aliyetaka kumuoa alikuwa ameshaniandikia mwenyewe, barua ya heshima, nami nilikuwa nimeuliza habari zake kwa watu watatu wasiofahamiana, wote wakamsifu. Sasa alikuwa amepata kazi Muscat na anaondoka karibuni. Wazee wake walitaka ndoa ifungwe kabla hajaondoka, ili mke aweze kumfuata.

"Jumapili ya mwisho wa mwezi," binti yangu akasema. "Sheikh anasema lazima walii awepo, na walii wangu ni wewe. Utakuja, baba?"

"Ningependa sana kuja, mwanangu."

Nikasikia feni ya nyumbani, ile inayogonga.

"Haya, baba," akasema, akakata.

Kwangu mimi lile lilikuwa jibu sahihi kuliko yote. Nilipenda kwenda. Pasipoti haikuwepo. Huenda ingetoka. Ningeweza pia kuiomba irudishwe kabla ya wakati wake, nikafika harusini, lakini kibali kingekufa papo hapo na kazi nayo, na nyumba nzima inakula kutokana na kazi hiyo. Ningeweza kutoa wakala, kaka yangu amuozeshe kwa niaba yangu, jambo halali kabisa. Yote haya yalikuwemo ndani ya ile nge moja. Niliona nimemwambia kweli tupu.

Jioni yake mke wangu akapiga.

"Mtoto analia chumbani. Anasema humtaki yule kijana."

"Nimesema hivyo lini?"

"Umesema ungependa kuja."

"Ndiyo. Ningependa."

"Sikiliza, baba watoto. Mtu akiniambia angependa kula kwangu, mimi sipiki. Hilo ni la kukataa kwa adabu. Hata mtoto analijua."

"Mimi sikukataa. Nimesema bado inawezekana."

"Basi mwambie mwenyewe. Na umwambie kwa Kiswahili chetu, si hicho cha vitabu vyako."

Nilimpigia binti yangu, nikamweleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoharibu. Nilimwambia sina neno na kijana, ila nisingependa kuamua jambo la wakala kabla sijajua habari ya pasipoti. "Nisingependa," alirudia, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kinachombana. Kisha akaniuliza jambo ambalo sijalisahau: "Baba, kama hutaki, si useme tu?"

Kaka yangu hakuwa na subira hata hiyo.

"Toa wakala, mdogo wangu, tumalize. Mimi hapa nimeshafua kanzu."

"Nipe siku chache. Pasipoti ingeweza kutoka wiki hii."

"Ingeweza, ingeweza! Wewe unaozesha au unaagua?"

Kwa nini sikutoa wakala siku ile? Nimejiuliza hapa mezani mara nyingi. Kijana nilimtaka. Kaka yangu namwamini. Lakini mradi sijasema, palikuwa bado na mtu mmoja pale Temeke, amevaa kanzu yake nyeupe, amekaa na kijana goti kwa goti, ameshika mkono wake, anatamka maneno. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nikitoa wakala, namuua. Hivyo nikamtunza kwa kumsubirisha, na kumbe wakati huo huo nilikuwa namsubirisha binti yangu.

Siku zilikwenda vibaya. Madirisha ya jengo letu yana nondo, na nondo zimejaa nguo zetu, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuanika. Ukikaa mezani unaiona barabara ya chini kwa vipande, kati ya suruali na shuka. Nilisoma riwaya hapo. Watu wake walikuwa bado vyumbani mwao. Kwa mara ya kwanza walinichosha. Nilitaka mmoja wao, yeyote, avae koti akatoke hata kama anakosea njia.

Mwenzangu alinichukua Liuhua siku moja nimsaidie kuangalia raba za watoto. Alimuuliza mwenye duka namna wanavyouliza wote sokoni: "Yo, meiyo?" Ipo, haipo? Mwenye duka hakuinua macho kwenye simu yake. "Meiyo." Tukaenda duka la pili.

"Umeona, Ustaadhi?" mwenzangu akaniambia. Yeye ni Mkristo, na jina hilo kanipa kwa sababu ya vitabu. "Miaka yote hii napenda soko hili kwa jambo moja. Yo, meiyo. Hakuna 'ningekuwa nayo'. Wewe ungekuwa na duka hapa wateja wangekufa wamesimama."

"Na wewe umetumia nge mara tatu sasa hivi."

"Mimi naitumia kwenye utani. Wewe unaishi humo."

Jumamosi nilikwenda ofisini tena, nikakuta pamefungwa. Nilikuwa nimesahau kwamba ni Jumamosi. Nilisimama mbele ya kioo cha mlango nikakumbuka kanzu yangu iko wapi: kwenye sanduku, chini ya kitanda, Sanyuanli. Nikampigia kaka nikamwambia nitazungumza na sheikh mwenyewe, kwenye simu, siku ya shughuli. Hata hapo niliacha mlango wazi kwa usiku mmoja.

Shughuli ilipangwa saa nne asubuhi kwao, saa tisa mchana kwetu. Nilioga, nikavaa kanzu, nikakaa mezani. Mwenzangu alizima redio bila kuambiwa, akasimama kwenye mlango wa jikoni. Simu ikalia. Upande wa pili palikuwa na minong'ono ya watu wengi, kikohozi, mtoto anafukuzwa kwenye mkeka. Kaka yangu akampa sheikh simu, ikawekwa sauti wasikie wote.

"Assalaam alaykum, mzazi."

"Wa alaykum salaam, sheikh."

"Nina mashahidi wawili hapa, wanakusikia. Kaka yako yuko mbele yangu. Unampa wakala amuozeshe binti yako kwa kijana huyu?"

"Ndiyo, sheikh, ningependa kaka yangu anisimamie katika—"

"Ngoja. Ungependa, au umempa?"

Mtu akacheka nyuma.

"Namaanisha, sheikh—"

"Ulichomaanisha anakijua Mwenyezi Mungu. Mimi nasikia maneno tu, na mashahidi hawa nao wanasikia maneno. Ningependa si jibu. Sasa hivi nikimuuliza bwana harusi naye aniambie 'ningekubali', nimwite mume wa mtu?"

Hapo wakacheka wote, hata kaka yangu. Nakijua kicheko chake. Halafu sauti ya mwanamke, ya mke wangu, ikasema kutoka mbali, "Nyamazeni." Kukawa kimya. Nilijua maana ya kimya kile. Nyumba yetu ina chumba kimoja kinachopakana na sebule, mlango wake haufungi vizuri, na nyuma ya mlango huo alikuwa amekaa binti yangu na hina yake mikononi, ananisikiliza. Tangu siku ile ya kwanza alikuwa akingoja aambiwe kama baba yake anataka au hataki.

Nikanyanyua macho. Mwenzangu alikuwa ameweka mguu juu ya tofali. Akaniuliza kwa midomo, bila sauti: *Yo, meiyo?*

"Kaka," nikasema.

"Naam."

"Nimekupa wakala umuozeshe binti yangu kwa kijana huyo, kwa mahari mliyoafikiana. Nimeridhika."

"Nimepokea," kaka yangu akasema, na sauti yake haikuwa na utani tena.

Sheikh akaendelea na khutba. Simu walikuwa wameiweka chini, nadhani juu ya mkeka, kwa sababu maneno yalinifikia yakiwa yamefunikwa. Hata hivyo lile moja nililisikia wazi. "Nimekuozesha," alisema kaka, mahali pangu, na mtu wa kanzu nyeupe niliyemtunza siku zote zile akaondoka pale bila fujo. Kijana akajibu, "Nimekubali." Vigelegele vikapigwa hadi simu ikakwaruza, na mwenzangu akaziba masikio akicheka.

Baadaye waliipeleka simu chumbani.

"Baba."

"Mwanangu."

"Nimekusikia."

"Kijana nilimtaka tangu mwanzo. Ni lile neno langu tu—"

"Najua. Mama kasema ni vitabu." Alikuwa anacheka na pua imeziba. "Umesema umeridhika. Hilo ndilo nililisikia. Basi, baba. Usilieleze."

Sikulieleza.

Mwenzangu alisema harusi bila pilau ni mkutano, akanitoa nje na kanzu yangu, tukaenda barabara ya Huanshi Zhonglu kwenye mkahawa mmoja wanapojua kupika wali wa nyama. Alimwambia kila aliyetukuta pale kwamba huyu ni baba wa bibi harusi. Wengine walinipa mkono. Mmoja aliuliza harusi iko wapi, nikamwambia Temeke, akaangalia saa yake kana kwamba nimechelewa.

Pasipoti ilitoka binti yangu akiwa ameshamfuata mumewe. Nimeitia kwenye droo. Kibali kipya kinanifunga kwenye kazi kuliko cha zamani, na makontena ya msimu yameanza kupangwa. Riwaya naendelea nayo. Sasa ninapofika pale penye jambo lililokuwa liwe na halikuwa, sitoshelezwi na nge. Natia na li.

Juzi mke wangu aliuliza kama nitakuja Ramadhani. Nge ilikuja hadi kwenye ulimi, nikaimeza.

"Siji mwaka huu," nikasema.

Ile feni ikagonga.

"Haya," akasema. "Basi sipiki."