Sista Goli alikataliwa mara tatu, akaenda ya nne

Saa moja na nusu asubuhi, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana anainama juu ya kitanda namba nne na kumwambia mzee aliyelala na mrija mdomoni: "Baba, leo ndiyo siku. Tunautoa huu mrija, halafu kazi inabaki yako. Mimi nipo hapa, siendi popote."

Mzee hawezi kujibu. Anafumba macho, anayafumbua. Siku sita mashine imekuwa ikimpumulia, na asubuhi hii daktari wa zamu ameridhika kwamba kifua chake kinaweza kujitegemea.

Muuguzi anamnyonya makohozi kwa mpira mwembamba, anatoa upepo kwenye kiputo kilichoshikilia mrija kooni, anasema, "Kohoa baba, kohoa kwa nguvu," na mrija huo unatoka. Kisha anafanya jambo ambalo mashine zilizozunguka kitanda tayari zinalifanya bila kuombwa. Anaweka kiganja chake mbele ya mdomo wa mzee na kungoja.

"Hii hapa," anasema taratibu. "Na nyingine. Safi sana, baba yangu. Nyingine."

Mwandishi wa makala haya, aliyekuwa amesimama pembeni na gauni la kijani lililomzidi kimo, alishtuka kugundua kwamba na yeye alikuwa amebana pumzi muda wote huo.

"Miaka saba nipo humu ndani na bado nashangaa," muuguzi anasema akivua glavu. "Mtu anapumua mwenyewe! Wewe huoni ni maajabu?"

Ni maajabu, nani atabisha. Lakini mwandishi hakufunga safari kwa ajili ya mzee wa kitanda namba nne. Alikuja kwa sababu wiki mbili zijazo muuguzi huyu anaingia chuo cha wauguzi wa usingizi, wale wanaompa mgonjwa nusukaputi kabla ya kupasuliwa na kumlinda mpaka azinduke. Ni chuo kilekile kilichomwambia mara tatu, kwa barua yenye muhuri, kwamba hatoshi.

Hospitali nzima inamwita Sista Goli. Jina alilipata chuoni akiwa na miaka ishirini, alipokuwa mfungaji wa timu ya mpira wa pete.

"Nilikuwa nafunga mpaka mabeki wanalia," anasema, na macho yanacheka. "Wiki ya mitihani mimi niko kwenye basi la timu. Nikirudi, nasoma usiku mmoja. Famakolojia ya usiku mmoja! Ilinipiga mwereka."

Alimaliza shahada ya uuguzi kwa wastani wa mbili nukta tatu kati ya tano. Kemia alipata D. Famakolojia, yaani elimu ya dawa, alirudia mtihani akapita chupuchupu. Wakati ule hakujali. Kazi alipata, mume akapata, watoto wawili wakaja, na makombe yake yapo hadi leo juu ya kabati.

Akajali alipofikisha miaka ishirini na minane, akiwa wodi ya wazazi. Aliletwa mama mwenye uchungu uliokwama, na mapigo ya mtoto yalikuwa yanashuka. Daktari wa upasuaji alikuwepo, amenawa, mikono juu. Chumba kilikuwa wazi. Damu ilikuwepo. Mtaalamu wa usingizi pekee wa hospitali alikuwa chumba cha pili, kichwani kwa majeruhi wa ajali ambaye tumbo lake lilikuwa tayari limefunguliwa.

"Kila kitu kilikuwepo," anasema Sista Goli. "Alikosekana mtu mmoja tu wa kumpa mama wa watu usingizi."

Wakampakia kwenye gari la wagonjwa, dakika arobaini hadi hospitali nyingine, na yeye akapanda naye. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Hapo anainuka, anatazama mashine ya kitanda namba nne, anarudi kukaa.

"Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu, mimi nataka kuwa yule mtu aliyekosekana."

Mwaka uliofuata aliomba kuhamia chumba cha wagonjwa mahututi, kwa kuwa chuo kinataka waombaji waliofanya kazi humo. Baada ya mwaka akatuma maombi. Barua ilirudi: alama za shahada ya kwanza hazikidhi, kinachotakiwa ni tatu kwenda juu, isipokuwa kwa sababu maalumu. Miaka miwili baadaye akatuma tena. Ikarudi barua ileile, imebadilishwa tarehe.

Mwaka uliofuata, alipoomba mara ya tatu, wenzake walimshauri kwenye chumba cha chai, na walimshauri kwa mapenzi. Fomu ina ukurasa mmoja wa kueleza kwa nini ulifanya vibaya. "Andika kwamba baba yako alifariki mwaka ule," mmoja akamwambia. "Kila mtu anaandika hivyo."

"Baba yangu yuko sokoni anauza viatu, na anakula vizuri kuliko mimi," Sista Goli akajibu. "Nimuue kwa kalamu?"

Aliandika hivi, na nakala bado anayo: "Sikuwa mgonjwa, wala sikufiwa. Nilikuwa nacheza. Nilikuwa hodari sana uwanjani na mzembe darasani. Kosa ni langu." Wakamkataa tena.

Safari hiyo hakukaa nyumbani kulia. Alivaa viatu akaenda mwenyewe mpaka dirisha la udahili. Karani, mwanamume mwenye miwani iliyofungwa uzi, alisoma barua yake.

"Dada, huu mwaka wa tatu naliona jina lako. Huchoki?"

"Na nyie je, hamchoki kunikataa?"

Karani akacheka, akageuza karatasi chakavu na kumwandikia: rudia kemia, rudia famakolojia, ongeza fiziolojia na hesabu, chuo chochote kinachotambulika, na usishuke chini ya B. Lete na barua ya mtaalamu wa usingizi anayekufahamu. "Ile mbili nukta tatu haifutiki mpaka unaingia kaburini," akamwambia. "Lakini unaweza kuitafutia majirani wazuri."

Sista Goli akajifunga kibwebwe. Kwa miaka miwili, theluthi moja ya mshahara wake ilikwenda kwenye ada ya masomo ya jioni, darasani na vijana waliokuwa wanamwamkia kabla ya kumwomba kalamu. Siku zake za mapumziko akazipeleka kwa mtaalamu wa usingizi wa hospitali, baba mmoja mpole ambaye wote wanamwita Mzee wa Usingizi. Alikuwa anasimama nyuma yake chumba cha upasuaji na kuuliza.

"Kuuliza, wewe!" anasema Mzee wa Usingizi akishika kichwa. "Kwa nini hii kwanza, kwa nini ile baadaye, kwa nini siyo nusu. Nilikuwa narudi nyumbani nimechoka kama aliyepasuliwa ni mimi."

Nyumbani nako alikuwa na walimu wawili ambao hakuwategemea. Wa kwanza ni mume wake, fundi friji. Kanuni za gesi zilikuwa zimemgomea Sista Goli tangu ujana: shinikizo likipanda ujazo unafanyaje, kimiminika kikigeuka hewa joto linakwenda wapi. Jioni moja mumewe akachungulia daftari, akaenda karakana, akarudi na mtungi.

"Shika hapa," akamwambia, akafungulia kidogo. "Baridi, sivyo? Ndiyo hiyo uliyoandika. Mimi naifanya kila siku, sikujua kuna mzungu kaiwekea jina lake."

Mwalimu wa pili ni mama mkwe. Bibi huyu anaishi nao. Aliishia darasa la nne na husoma kwa kufuata kidole. Yeye ndiye aliyeshika kadi za masomo, zilizokatwa kutoka maboksi ya vipuri vya friji, upande mmoja jina la dawa, wa pili kazi yake na kipimo chake. Bibi alikuwa anasoma jina silabi kwa silabi, jina refu kama treni, mkwe anajibu. Wala hakugeuza kadi kuhakiki. Alikuwa anasikiliza tu.

"Hapo umesita," alikuwa anasema. "Rudia."

"Lakini nimepatia, mama!"

"Umepatia kwa kubahatisha. Rudia."

Mwandishi alimuuliza bibi alijuaje, ilhali dawa zenyewe hazifahamu. "Dawa sizijui hata moja," akajibu bila haya. "Lakini nimelea watoto saba. Mtoto anayejua na mtoto anayebahatisha, sauti zao haziko sawa. Na huyu anakwenda kushika roho za watu. Abahatishe kwa nani?"

Matokeo yakatoka: A tatu, na B moja ya hesabu ambayo Sista Goli bado haijamtoka rohoni. Akatuma maombi mara ya nne, na kwa mara ya kwanza akaitwa kwenye usaili.

Waombaji walikuwa mia mbili na kumi na moja. Walioitwa sitini. Nafasi kumi na nane. Kwenye benchi la kungojea, kijana aliyekaa kando yake alimnong'oneza kwamba yeye ana nne nukta sita, akamuuliza, "Na wewe je, dada?" Sista Goli akamwambia ukweli. Kijana akasogea kidogo, kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani yake ana mafua.

Ndani walikaa watu watano nyuma ya meza ndefu. Katikati alikuwa mama mmoja mwenye mvi, mkufunzi mkuu, aliyewapa watu nusukaputi kwa miaka thelathini. Alisoma ule ukurasa wa maelezo, akainua uso: "Ulikuwa unacheza?"

"Nilikuwa nacheza, mama."

"Ulikuwa unafunga?"

"Sana."

Wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Likaja swali la mtoto: ana kilo kumi na mbili, ana maumivu makali baada ya upasuaji, dawa ni hii, utampa kiasi gani? Swali jepesi. Sista Goli alifungua mdomo na kutaja miligramu kumi na mbili.

Akaisikia sauti yake mwenyewe. Hakuna aliyekuwa amesema kitu, nyuso tano zilikuwa kavu, na wangeweza kabisa kupita kwenda swali la pili.

"Samahani," akasema. "Hapo nimesita. Siwezi kumpa mtoto dawa kwa sauti hiyo. Naomba karatasi nikokotoe upya."

Akapewa karatasi. Akaandika uzito, akaandika kipimo, akazidisha, akahakiki kwa njia ya pili. Ilikuwa miligramu moja nukta mbili. Kiasi alichotaja mwanzo kilikuwa mara kumi zaidi, na kingemnyamazisha mtoto moja kwa moja.

"Jibu langu la kwanza lingeua," akasema. "Jibu langu ni hili la pili."

Alitoka akijua amejichimbia kaburi. Kwenye ngazi za chuo alimpigia mumewe simu. "Nimekosea swali la mtoto wa shule," akamwambia. "Basi tena, baba watoto. Nimechoka kukataliwa." Fundi friji akafunga karakana mchana kweupe, akaenda kumchukua.

Orodha ilibandikwa siku ya tisa. Sista Goli hakwenda kuisoma, alikuwa zamu, na moyo wa kwenda hakuwa nao. Karani wa miwani ya uzi ndiye aliyepiga simu ya wodini. "Dada, mwaka huu tumechoka sisi," akasema. "Njoo uchukue fomu ya kujiunga." Alikuwa wa kumi na nne kati ya kumi na nane.

Wauguzi wenzake wanasimulia kwamba aliweka simu chini, akanawa mikono, akaenda kumgeuza mgonjwa wa kitanda cha pili kwa kuwa saa yake ilikuwa imefika, ndipo akaketi sakafuni.

Mwandishi alimtafuta mkufunzi mkuu kutaka kujua kwa nini. Mama yule wa mvi hakuzunguka.

"Wenye nne nukta sita nawaona kila mwaka, na wengi ni wazuri, siwadharau," alisema. "Lakini karibu wote wakikosea wanaongeza mwendo, wanataka kosa lipite bila kuonekana. Kwenye kazi yetu mgonjwa amelala, hawezi kukwambia umekosea. Miaka thelathini nimekaa kwenye meza ile, na sijawahi kumwona mtu anajikamata mwenyewe mbele yetu, wakati angeweza kunyamaza. Nilitaka kusimama nimpigie makofi. Hesabu tutamwongezea. Lile hatuna namna ya kulifundisha."

Kozi ni ya miaka miwili. Akimaliza, Sista Goli anarudi hospitali ileile, awe mtaalamu wa usingizi wa pili, ili vyumba viwili vya upasuaji vifanye kazi kwa wakati mmoja. Mpango wake ni huo tu, na anausema kwa ufupi: "Asipakiwe mama mwingine garini kwa sababu ya kukosa mtu mmoja."

Bibi naye ana mpango wake, na siku ya mwisho ya mahojiano aliutoa hadharani sebuleni. Alifungua mtandio na kuonyesha tezi lililovimba shingoni, kubwa kama ngumi ya mtoto. Madaktari wamemwambia si la haraka, lakini lazima litolewe. Amekataa kupanga tarehe.

"Nangoja miaka miwili," akasema. "Anipe usingizi huyu."

"Mama, nimekwambia, kwa Mzee wa Usingizi unapona hata mwezi huu," akasema Sista Goli. "Na mimi sitaruhusiwa. Mtu hampi usingizi mzazi wake. Mkono utanitetemeka."

Bibi akajifunga mtandio wake polepole, akamtazama mkwewe kama mtu ambaye hesabu zake alikwisha kuzimaliza zamani.

"Basi siku hiyo usiniite mama," akasema. "Niite mgonjwa."

Sista Goli akacheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kilipoisha, machozi yakaendelea.