Shauri la Kifo cha Kajela

Siku yangu ya kwanza bomani, Bwana Shauri, Mjerumani aliyesikiliza kesi za watu, alinisimamisha kati yake na wazee wawili waliogombea ng'ombe. "Wewe huna rai," aliniambia kwa Kiswahili. "Ukisikia, sema." Ndiyo kazi ya mkalimani. Nilizaliwa Ngonga kwa baba Mnyakyusa na mama Mkisi, na Kiswahili nilikipata kwa wapagazi.

Baadaye nilihamishiwa milimani, nikatumikia mabwana wengine, wapole na wakali. Lakini shauri lisilonitoka ni la Kajela, na hilo lilikuwa la boma lile la kwanza, ufukweni mwa ziwa.

Kajela aligombana na jirani yake, Ambilikile, kwa mpaka wa migomba. Asubuhi moja Ambilikile aliingia bomani mbio, akihema. "Kwa Kajela wamemkamata tarishi wenu," alisema. "Wana mikuki. Watamuua." Nikatafsiri. Bwana Shauri akamwita shaushi, mkubwa wa askari. "Nenda ukatazame," akamwamuru.

Hapakuwa na tarishi aliyekamatwa. Mke wa Kajela, Tupokigwe, alikuwa akichoma vyungu, na mumewe na shemeji zake walimsaidia kuvitoa motoni kwa miti mirefu. Askari waliona moshi, wakaona wanaume wameshika miti, wakafyatua bunduki. Kajela alifia palepale kando ya vyungu.

Siku ya shauri baraza lilijaa. Ambilikile alikiri kwamba alidanganya. "Nilitaka wamchape tu," alisema. "Sikutaka afe." Bwana Shauri akamhukumu kifungo cha mnyororo, akataka kufunga shauri.

Tupokigwe akainuka. Alisema Kikisi, taratibu: "Huyu alikuja na mdomo. Bunduki alishika nani?"

Shaushi alikuwa amenikazia macho. Nilitafsiri neno kwa neno.

Bwana Shauri akamgeukia shaushi. "Ulimuuliza mtu yeyote kabla ya kupiga?"

"Hapana, Bwana. Tuliambiwa ni vita."

"Mimi nilikuamuru nini?"

"Niende nikatazame, Bwana."

Akavuliwa cheo mbele yetu, akapelekwa kituo cha mbali. Watu wakanong'ona kwa kuridhika, wengine wakaanza kuondoka. Tupokigwe hakuketi.

"Ndaga," alisema, maana yake asante. "Na aliyewatuma wenye bunduki kwa neno la mtu mmoja, yeye atajibu kwa nani?"

Nikalitafsiri na hilo. Bwana Shauri alichukua kofia yake mezani, akainuka kitini, akaingia ndani. Tupokigwe akanitazama mimi, akingoja jibu kwa lugha yake. Sikuwa na neno la kumpa, kwa kuwa hakuna lililosemwa.

Tangu hapo, aliyeleta habari ya vita alizuiwa bomani mpaka tarishi aliyetumwa kutazama arudi kuthibitisha. Utaratibu huo uliokoa watu, nilishuhudia. Hakuna aliyemwambia Tupokigwe kwamba uliwekwa kwa sababu ya mumewe. Alirudi kwa kaka zake, akaendelea kufinyanga.

Sasa nimeacha kazi, masikio yamechoka. Vijana wa mahakama hunijia nyumbani kwangu Bondeni wakibishana: mwenye kosa ni mwongo au ni mpiga bunduki? Nawaambia hao wawili walisimama barazani wakajibu kila mmoja kwa sehemu yake. Kisha nawaambia kuhusu kiti kilichobaki kitupu, na mjane aliyesimama mbele yake mpaka askari walipomwomba aende nyumbani.