Mwisho wa Mstari

Somo langu la kwanza la majaribio liliharibiwa na mdomo wangu. Nimekulia kati ya meza za soko la Kadutu, ambako ukichelewa kujibu, mteja ameshahamia kwa jirani. Sasa nilitaka kwenda Ulaya kuwa msaidizi wa mwalimu wa Kiswahili katika chuo kimoja. Nafasi moja, watu wanne. Nilituhesabu mara mbili, tulibaki wanne.

Maman, mwalimu aliyetufunza kufundisha, alituletea sista mgeni, mwenye majuma matatu tu Bukavu, awe mwanafunzi wetu. Nilimwuliza jana alikula nini. Akaangalia dari. Nikamwonea huruma, nikamtajia mboga yetu ya majani ya muhogo.

“Ulikula sombe?”

Akatikisa kichwa kukubali.

“Na samaki?”

Akatikisa tena.

“Papa,” maman akaniita mbele ya wote, “wewe uko nauza, uko najinunulia. Sista amesema maneno ngapi?”

“Mawili, maman.”

“Hesabu tena.”

Nikahesabu. Hakuna hata moja.

“Jumatatu unarudia. Ukiuliza, funga kinywa, hesabu mpaka kumi. Ukishindwa, natuma jina la mwingine.”

Jumamosi kukaa nyumbani kulinishinda. Nikapanda gari la Nyangezi, kwa mdogo wake mama. Nilimkuta akipalilia maharage mlimani.

“Mama mdogo, maharage iko aje?”

Jembe tu.

“Mvua ilinyesha? Baba mdogo iko wapi? Ile mbuzi ilizaa?”

Alipalilia mpaka mwisho wa mstari, akanyoosha mgongo, akapangusa jembe kwa kidole cha mguu.

“Maharage iko muzuri. Mvua ilinyesha. Baba yako mudogo iko kwa misa ya wafu. Mbuzi ilizaa mbili.”

Majibu manne, hakuna lililopotea.

“Mbona hukujibu pale pale?”

“Nikiinama siongeaka. Wewe haraka yako ni ya wapi?”

“Ya Ulaya.”

“Basi shika hii jembe, Ulaya haitahama.”

Nikashika. Mstari wa kwanza niliuliza maswali mawili, nikaongea na migomba. Wa tatu nikaishiwa pumzi, nikanyamaza. Nilipofika mwisho niliinua kichwa: ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, na upande wa pili mtu alikuwa anaita ng’ombe zake, mmoja mmoja, bila haraka yoyote. Nilisimama pale nikitazama mpaka mama mdogo akaguna. Nilifurahi, kweli, ingawa miguu ilikuwa bado inataka kurudi mjini.

Jumatatu nikamwuliza sista jana alifanya nini. Akaangalia dari. Moja, mbili, tatu. Mwenzangu mmoja akakohoa kwa makusudi. Swali la kumsaidia lilikuwa kwenye ulimi wangu, linawasha. Kumi ikafika, sista bado anaangalia dari. Nikaanza tena kutoka moja. Kwenye sita ya pili sista akashika meza.

“Nilienda Katana. Nilianguka… katika matope. Watoto walicheka sana. Mimi pia.”

Darasa zima likapiga makofi. Sista akawa mwekundu, akaongeza, bila kuulizwa, kwamba kiatu kimoja kilibaki kule.

“Kumi ilipita,” maman aliniambia baadaye, huku akiandika jina langu kwenye barua ya kwenda chuoni.

“Nilijua, maman.”

Akaweka kalamu chini. “Miezi tisa, peke yako, kwa baridi. Uko tayari?”

Nikaanza kuhesabu kutoka moja, na yeye hakunisaidia.