Nilivyopokea shikamoo za Mzee Shabani kwa jina la Bibi wa Nyabibuye

Wakuu, nawasalimu nyote, wenye bando na mnaosoma kwa waifai ya jirani.

Kisa hiki ni changu, sijasimuliwa na mtu. Atakayedai picha anisamehe. Ushahidi mwingi umefutika, na kufutika huko ndiko kulikoniletea balaa.

Mimi ni mkufunzi wa chuo hapa Kasulu, kwetu ni Kibondo. Umri umesogea, shahada ninazo, wasomaji sina.

Miaka kadhaa nyuma nilihamia kwenye ile mitandao ya kijamii isiyo na mwenye mmoja. Kwa asiyeijua, aichukulie kama magulio yetu ya huku. Kila gulio lina mwenyewe na sheria zake, lakini watu wa gulio hili wanasalimiana na wa lile bila shida. Gulio ndiyo seva. Hakuna bosi mkubwa wa kukuuliza wewe ni nani.

Kwa mtu kama mimi, hiyo ilikuwa kumfungulia mbuzi shamba la maharage.

Nikawa na akaunti tatu, kila moja seva yake. Ya kwanza ilikuwa ya jina langu na shahada zote. Huko niliandika makala za elimu. Ya pili ilikuwa ya mpira na kejeli, hiyo tuiache ilivyo.

Ya tatu ilikuwa ya Bibi wa Nyabibuye, kijiji cha mpakani, kwenye seva ndogo ya mzungu mmoja aliyeiendesha kwa kujitolea.

Bibi alikuwa mjane. Picha yake ya profaili ilikuwa chungu cha maharage. Alizaliwa siku niliyoandika jambo la busara kwa jina langu, likapata laiki moja, na laiki yenyewe nilijipa kwa akaunti ya mpira. Nikachukua jambo lile lile, nikatanguliza "wajukuu zangu", nikalitoa kwa mdomo wa Bibi. Kufika jioni lilikuwa limewafikia Waha wenzangu walioko Ulaya.

Kuanzia siku hiyo msomi akawa anamwonea wivu bibi kizee.

Mpaka nikamtuma anipigie debe. Bibi akaandika: "Huyu Mwalimu nimemlea mwenyewe. Msomeni, ingawa anajikweza." Nikapata wasomaji wachache, wengi wakija kuthibitisha hiyo ya kujikweza.

Sasa, hapa sokoni kuna Mzee Shabani, muuza vitenge. Baba yake alitoka Tanga, kwa hiyo Kiswahili chake kimenyooka kama kitambaa kilichopigwa pasi. Mkewe amefariki. Kila asubuhi alimwandikia Bibi: "Shikamoo Bibi, umeamkaje?"

Bibi alijibu: "Marahaba mwanangu."

Baada ya muda mfupi mimi napita dukani kwake kunywa kahawa. "Shikamoo Mzee Shabani."

"Marahaba Mwalimu. Umemsoma Bibi leo?"

"Sijamsoma."

"Msome, upate akili."

Wakuu, mtu aliyenizidi umri ananiamkia kwa simu, kisha mimi namwamkia kwa mdomo. Nilijiambia huo ni mtandao tu, shikamoo ya mtandaoni haina uzito. Shule inaharibu.

Kisha Bibi akafa.

Hakufa kwa mpango wangu. Nilikuwa na mafua, nikamwandikisha: "Leo kichwa kizito, wajukuu zangu. Nalala. Mungu akipenda tutaamkiana." Kesho yake seva ikazimwa moja kwa moja, yule mzungu alichoka kujitolea. Onyo alilituma mapema, kwenye barua pepe ya Bibi, ambayo sikuwahi kuifungua tangu Bibi azaliwe na pasiwedi yake nimeisahau.

Ukimtafuta Bibi hayupo. Ila kwenye seva nyingine nakala ya posti yake ya mwisho ilibaki, inaning'inia kama picha ya marehemu ukutani.

Wa kwanza kulia alikuwa Mama Neema, Mkongomani, fundi cherehani kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Akaandika: "Natafuta Bibi, sipate ye. Neno ya mwisho alisema kichwa. Bandugu, Bibi ametutoka."

Pole zikamiminika. Nyingi zilikuja kwangu, maana si ndimi niliyelelewa naye?

Nikakimbilia seva nyingine, nikafungua akaunti mpya yenye chungu kile kile. "Wajukuu zangu, mimi mzima. Ni seva tu imezimwa."

Mama Neema akajibu: "Muongo weye! Bibi anajua seva ni nini?"

Kumbe tayari walishaibuka Mabibi wengine wa Nyabibuye, mmoja anauza dawa ya nguvu za kiume. Mimi nikahesabiwa miongoni mwao. Nikablokiwa kwa kosa la kujifanya mimi mwenyewe. Hata Mzee Shabani aliniandikia: "Mwogope Mungu, unamchezea marehemu." Safari hiyo hakutanguliza shikamoo.

Nilipopita dukani alikuwa hajafungua vitambaa.

"Mwalimu, msiba uko wapi?"

"Nafuatilia, Mzee."

"Unafuatilia? Amekulea, halafu unafuatilia? Nyinyi wasomi moyo wenu wa saruji."

Jumamosi akaja kwangu na pikapu. Amevaa kanzu, nyuma kuna mfuko wa sukari na mchele. "Panda. Tunakwenda Nyabibuye, utanionyesha kaburi."

Nikapanda. Sijui kwa nini nilipanda.

Njia nzima niliiona picha moja tu. Mzee mwenye heshima zake, kwenye kanzu safi, akienda nyumba kwa nyumba karibu na mpaka wa Burundi kuulizia kaburi la mwanamke ambaye hakuwahi kuwepo. Habari ingefika Kasulu kabla yetu. Soko zima lingemcheka mpaka azikwe yeye.

Tulipofika Kibondo nikaomba tunywe chai. Nikasema.

"Mzee, Bibi hajafa."

"Unasemaje?"

"Hakuwahi kuwepo. Nilikuwa mimi."

Akaweka kikombe chini. "Wewe?"

"Mimi."

"Wewe huyu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mwalimu, Bibi alikuwa na akili."

Ikabidi nitoe ushahidi. Nikaanza kumtajia jambo alilomwandikia Bibi faraghani kuhusu marehemu mkewe. Akainua mkono kabla sijamaliza. Alinitazama, akatazama barabara, akanitazama tena.

"Hayo alikuhadithia Bibi," akasema taratibu. "Si amekulea?"

Hakungoja jibu.

"Mimi na mvi hizi nilimwamkia Bibi. Sikumwamkia mtu mwingine. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mzee."

Chai ikapoa. Baadaye akauliza, "Na maneno yale, Bibi aliyatoa wapi?"

"Mengi ni ya mama yangu."

"Yuko hai?"

"Yuko hapa hapa Kibondo."

Akasimama. "Sukari ya msiba hairudi dukani. Twende."

Tulimkuta mama anachambua maharage. Mzee Shabani akavua kofia, akainama. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Mzee akachelewa kuinuka.

Mama akautazama ule mfuko, akaniuliza kwa Kiha sukari yote hiyo ya nini. Nikasema mgeni kakuletea tu. Akamgeukia kwa Kiswahili: "Aletaye sukari bila sababu, sababu anayo."

Mzee Shabani alicheka mpaka akajifuta macho, na alijifuta kwa muda mrefu kuliko kicheko chenyewe.

Tukarudi Kasulu. Nyabibuye hatukufika, na hakuna aliyeuliza.

Nilichojifunza, wakuu: seva ya bure ina siku yake ya kuzimwa, kwa hiyo fungueni barua pepe mlizojiandikishia na mhifadhi nakala za mambo yenu. Na ukiwa na sura nyingi, ujue watu hawaombolezi sura unayoipenda wewe.

Siku hizi naandika kwa jina langu tu. Juzi nilijitahidi kweli, nikaandika jambo fupi, halina majivuno. Mzee Shabani akajibu chini yake: "Punguza kumwiga marehemu."

Dukani bado napita. Kahawa ananipa kama zamani. Kitu kimoja tu kimebadilika.

"Shikamoo Mzee Shabani."

"Sikusikia, Mwalimu."

"Shikamoo Mzee."

"Bado."

Narudia mpaka aridhike ndipo anasema marahaba. Kila siku. Wateja wanadhani masikio yake yameanza kuharibika, na yeye anawaacha wadhani hivyo.

Haya, uwanja wenu. Nichekeni, nishaurini, na kama kuna Bibi mwingine humu ajitokeze mapema. Ila aliyenizidi umri asinianze kwa shikamoo. Nilizokwisha kupokea bado nazirudisha.