Doti Moja kwa Watu Wawili

Krismasi ile ilinikuta nimemaliza chuo cha ualimu, sijapata kazi, naishi Kibamba kwa mama mkubwa, dada yake mama yangu. Nyumbani kwake alikuwapo dada wa kazi kutoka Singida, aliyewalea watoto watatu wa nyumba ile, wa kwanza hadi wa mwisho, kwa miaka saba bila kwenda kwao hata mara moja. Mwaka ule aliruhusiwa. Neno lenyewe, kuruhusiwa, lilinikera tangu lilipotamkwa mezani, ingawa yeye alilipokea kwa furaha iliyomfanya aimbe akifua. Alikuwa na haja moja tu: asiingie kwa mama yake mikono mitupu. Mama mkubwa akamwondolea hofu. Zawadi ya mama yako, alisema, itatoka kwangu.

Tukaenda watatu hadi Tandika, kwenye duka la vitambaa la mzee mwenye asili ya Kiarabu aliyerithi kaunta na mkasi kwa baba yake. Palinuka wanga wa vitenge vipya, dawa ya nondo na makwapa. Wanawake walijifutia jasho kwa mapindo ya vitambaa ambavyo kabla ya jua kuzama vingefungwa katika karatasi za kung'aa na kupelekwa kwa wakwe. Mmoja wao alilowesha kidole kwa mate, akasugua pembe ya kitenge aone kama kinachuja. Kilichuja. Akasema hichohicho, kinamtosha wifi yake. Wenzake wakacheka, nami nikageuza uso. Nilikuwa nimefundishwa, na niliamini, kwamba zawadi ni namna ya kumwambia mtu kuwa anaonekana. Pale zilikuwa namna ya kumpima mtu na kumkuta amepungua.

Mama mkubwa alianza na wakubwa. Mke wa mchungaji alipata kitenge kizito, na mwenyekiti wa kwaya kingine, na mzee wa duka akaombwa asivikunje kwa kuficha zile lebo za dhahabu. Nami nilichaguliwa changu, kizuri, nikashukuru.

Muda huo wote dada alikuwa amesimama kwenye upande wa khanga, kiganja chake kikiwa juu ya doti moja ya zambarau yenye michoro ya korosho pembeni. Hakuiomba. Aliishikilia tu, kama mtu anayemwekea mwenziwe kiti. Kila mwanamke anajua doti ilivyo: khanga mbili katika kitambaa kimoja, ya kujifunga na ya kujitanda, nayo ikiwa zawadi hutolewa nzima, aliyepewa akaikata mwenyewe nyumbani kwake.

Mama mkubwa aliitazama doti, akamtazama dada, akamwambia mzee aikate katikati. Kipande cha mama, kipande cha binti.

Mzee hakuugusa mkasi. "Mama, doti ya zawadi haikatwi dukani."

"Mzee, nani kakuuliza? Kata. Mtu na mamaye hawagombani."

Yule wa kidole cha mate akadakia kwamba basi bibi wa watu atajitanda, na chini ataazima kwa jirani.

"Mama yake mfupi," mama mkubwa akajibu. "Kimoja kinamzunguka mara mbili."

Hakuwa amewahi kumwona mama yule maishani mwake. Duka zima lilicheka, na mimi, niliyekuwa na maneno mengi kichwani kuhusu utu, nilinong'ona tu kwamba pengine tungeiacha nzima. Aliniambia bila ukali: "Ukianza kupokea mshahara, utawavalisha Singida yote." Kitenge changu kilikuwa mkononi mwangu, yadi sita kamili, na wazo la kukiweka juu ya kaunta halikunijia hadi tulipofika nyumbani. Mpaka leo hilo hunichefua kuliko yale mate.

Mzee alikuwa ameanza kuikunjua doti alipozungumza dada, kwa sauti ndogo, macho yakiwa juu ya kitambaa.

"Usikate, babu. Mama yangu achukue zote mbili. Mie ninazo nyingine."

Alikuwa na khanga mbili nyumbani. Moja ndiyo aliyojifunikia usiku. Mama mkubwa alimshika bega, akawageukia wanawake wale akawauliza kama wanaona malezi anayompa. Wakaitikia kwamba wanaona. Mzee akaikunja ile doti nzima polepole, akampa dada mwenyewe mkononi, asimtazame mama mkubwa hata pale mama huyo alipomshukuru.

Dada alirudi baada ya mwaka mpya, amejifunga kipande kimoja cha zambarau. Aliniambia jikoni kwamba mama yake aliifurahia, akailaza kitandani, akaipapasa mpaka pembe zote, kisha akaazima mkasi kwa jirani. Alikata katikati, akamrudishia mwanawe kipande. Dada alikataa, wakavutana, mwisho mama akamfunga nacho kwa mikono yake, kama mtoto.

Jioni mama mkubwa alikiona kile kipande dada alipotuletea chai. Hakumsemesha yeye. Alinigeukia mimi, uso umejaa furaha ya kweli.

"Unaona sasa? Si nilisema kinawatosha?"

Dada akaendelea kumimina chai.